Namna ya Kuitetea Imani ya Kikristo Mbele ya Jirani wa Dini Nyingine Bila Kumshuhudia Uongo

Mwongozo huu ni kwa ajili ya walimu wa kipaimara, wainjilisti, viongozi wa vijana na wazazi Wakristo wa nyanda za juu kusini, ambao huulizwa maswali ya imani mahali pasipo na mimbari: ndani ya Coaster ya kutoka Mbeya kwenda Kyela, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwenye matanga, au barazani pa duka wakati mvua ya Tukuyu imewazuia watu wote kuendelea na safari. Nimefundisha kipaimara katika usharika mmoja wa vilima vya Rungwe kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya ninachokijua kuhusu kulinganisha dini nimekijua kwa kukosea kwanza.

Kosa lililonifunza zaidi lilihusu mafiga. Nilikuwa nikieleza Utatu Mtakatifu kwa mfano wa mafiga matatu yanayobeba chungu kimoja, mfano nilioupokea nikiwa mtoto na ambao sikuwahi kuuhoji. Mzee mmoja Mwislamu, fundi cherehani ambaye baraza lake linatazamana na njia ya kanisani, alinisikiliza hadi mwisho huku akipachika vifungo kwenye shati la shule, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mafiga ni matatu, na ukiondoa moja yanabaki mawili. Kilicho kimoja ni chungu. Sasa chungu ni nani?" Nilikosa jibu, na kilichoninyima jibu hakikuwa ugumu wa Utatu. Mfano wangu ulikuwa umefundisha miungu watatu, fundisho ambalo kanisa langu halina na ambalo yeye alikuwa na haki kabisa ya kulikataa. Tangu siku hiyo nimefuata utaratibu ninaoueleza hapa, na kanuni yake moja nimeichukua katika Amri Kumi: usimshuhudie jirani yako uongo. Amri hiyo inaihusu pia dini ya jirani.

Hatua ya kwanza: fahamu kazi uliyopewa

Andiko ambalo Wakristo hulitaja zaidi juu ya utetezi wa imani ni 1 Petro 3:15, linalosema, "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Neno la Kigiriki lililotafsiriwa hapo kwa habari ya kujibu ni apologia, yaani maelezo ambayo mshtakiwa hutoa mbele ya baraza ili kujieleza. Angalia mambo mawili ambayo wasomaji wengi huyaruka. La kwanza ni kwamba yupo aliyeuliza. Jibu linakuja baada ya swali. La pili ni kwamba anayejieleza barazani hahitaji kuivunja nyumba ya jirani ili yake ionekane imara.

Nasema hivyo kwa sababu wengi wetu tulijifunza kazi hii kutoka kwenye mihadhara ya mlingano wa dini iliyoshamiri nchini tangu miaka ya 1980, ambamo wahubiri wa Kiislamu walisimama viwanjani wakiwa na Biblia mkononi, na wahubiri wa Kikristo wakajibu wakiwa wameshika Kurani. Mihadhara hiyo iliwafanya watu wasome, na hilo lilikuwa jema. Lakini iliwazoesha pia kusoma kitabu cha mwenzao kama mtu anayetafuta kokoto ndani ya mchele. Mtu aliyelelewa hivyo huweza kutaja aya ishirini za Kurani kwa namba, asijue Mwislamu husema nini anapoinama na kusujudu.

Hatua ya pili: liandike swali kama lilivyoulizwa

Tafuta daftari la jalada gumu. Mtu akikuuliza jambo, liandike jioni hiyohiyo kwa maneno yake mwenyewe, usilirekebishe liwe rahisi kulijibu. Swali ambalo nimeliandika mara nyingi kuliko yote ni hili: "Ni wapi Yesu alisema, mimi ni Mungu, niabuduni?" Wakristo wengi hulijibu kwa kurusha swali jingine, au kwa kumwaga aya kumi kwa pumzi moja. Jibu la kweli linaanza na kukiri: sentensi hiyo, kwa maneno hayo, haimo katika Injili zote nne. Ukishakiri hivyo unaweza kueleza kilichomo. Katika Marko 2 Yesu anamsamehe mwenye kupooza dhambi zake, na waandishi waliokuwapo wanauliza ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa mmoja, ndiye Mungu, katika Marko 14 kuhani mkuu anararua mavazi yake kwa jibu alilopewa kuhusu Mwana wa Adamu, na katika Yohana 20:28 Tomaso anamwambia, "Bwana wangu na Mungu wangu!" wala hakemewi. Muulizaji anaweza bado asikubali, lakini atakuwa ameiona njia ambayo Wakristo wa kwanza waliipita, nawe hutakuwa umedai kuwapo kwa sentensi isiyokuwapo.

Hatua ya tatu: jifunze dini ya mwenzako kwa mwenyewe

Hatua hii ndiyo ndefu, na ndiyo ambayo watu huikwepa. Soma kitabu chake kabla ya kusoma vitabu vilivyoandikwa ili kukipinga. Kwa Kiswahili hatuna udhuru, maana tafsiri za Kurani zipo za kutosha. Padri Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana Zanzibar alitoa yake mwaka 1923. Waahmadiyya, jumuiya ambayo Waislamu wengi hawaihesabu kuwa ya Kiislamu, walitoa yao mwaka 1953. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alikamilisha yake mwaka 1969. Na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani alitoa yake katika miaka ya 1990. Tafsiri hizi hazina uzito sawa mbele ya msikilizaji wako. Ukimnukulia Msunni maelezo ya Waahmadiyya, ambao hufundisha kwamba Isa aliteremshwa msalabani akiwa hai na baadaye akafa kifo cha kawaida, unakuwa umemletea shahidi ambaye yeye mwenyewe humkataa. Kuna na jambo dogo linalowaaibisha wengi: Waahmadiyya huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura, kwa hiyo namba zao hutangulia kwa moja, na aya ambayo Waislamu wengine huitaja kuwa 4:157 kwao ni 4:158. Nimemwona kijana akibishana robo saa juu ya aya ambayo wote wawili walikuwa wakiisoma, kila mmoja akidhani mwenzake amekosea.

Baada ya kusoma, andika ukurasa mmoja ueleze dini hiyo inafundisha nini juu ya jambo lililoulizwa. Usiandike "lakini" hata moja katika ukurasa huo. Kisha umpelekee mwenye dini umsomee.

Mimi nilimpelekea yule mzee wa cherehani. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka hadi barabarani, naye amejifunga kitenge shingoni juu ya koti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniashiria benchi. Nilimsomea ukurasa wangu juu ya Isa katika Uislamu. Alichukua ile chaki bapa ya kuchorea vitambaa akawa anaweka alama pembezoni. Niliposoma kwamba Waislamu wanamwona Isa kuwa mtu wa kawaida tu, aliweka alama nene. "Hapo hujasema kweli," alisema. "Sisi tunasema alizaliwa na bikira, tunamwita Masihi, tunasema alifufua wafu kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Mtu wa kawaida gani huyo?" Alikuwa sahihi; yote hayo yamo katika Sura ya 3 na ya 19, nami nilikuwa nimezisoma. Macho yangu yalipita juu yake kwa sababu nilikuwa nikitafuta tofauti. Ukurasa ule ulipata alama nne za chaki. Niliuandika upya mara tatu kabla haujapita bila alama, na kila mara niligundua kwamba swali nililokuwa nimejiandaa kulijibu halikuwa ambalo Mwislamu analo.

Hatua ya nne: linganisha vinavyolingana

Kosa kubwa hapa ni kuiweka Biblia upande mmoja na Kurani upande wa pili kana kwamba zimekaa kiti kimoja. Mwislamu anaamini kwamba Kurani ni neno la Mungu lenyewe, lililoteremshwa kwa Mtume Muhammad kwa kipindi cha miaka ipatayo 23 hadi alipofariki mwaka 632. Mkristo anaamini kwamba Neno la Mungu alifanyika mwili, na kwamba Biblia inamshuhudia. Kwa hiyo kile ambacho Kurani ni kwa Mwislamu, Yesu mwenyewe ndiye kwa Mkristo. Nazo Injili nne, kwa umbo lake la kusimulia maneno na matendo, zinakaribiana zaidi na hadithi za Mtume kuliko na Kurani. Ukieleza hivyo, lile swali la "kwa nini Injili yenu ina waandishi wanne?" linabadilika sura, maana aliyeuliza alitarajia kitabu kimoja kilichoteremshwa kwa Isa, na Wakristo hawajawahi kudai kuwa nacho.

Linganisha pia bora kwa bora. Usimweke mtakatifu wako mbele ya mhalifu wao.

Ili kulinganisha kusigeuke orodha ya vyakula na sikukuu, mimi huuliza kila dini maswali mawili tu: inasema mwanadamu ana tatizo gani, na inasema tatizo hilo huondolewa na nani. Ukristo unasema tatizo ni dhambi iliyomtenga mwanadamu na Mungu hata asiweze kujirudisha mwenyewe, na kwamba Mungu amekuja kumrudisha katika Kristo. Uislamu unasema mwanadamu ni dhaifu na msahaulifu; Adamu alikosa, akatubu, akasamehewa, kama inavyosomeka katika Sura ya 2, wala hakuwarithisha watoto wake hatia; anachohitaji ni uongofu, na Mungu ameutuma kwa mitume. Ukiielewa tofauti hii moja utaelewa kwa nini msalaba ni wa lazima kwa mmoja na hauna kazi kwa mwingine. Ubudha unaanza na mateso na tamaa inayoyazaa; Uhindu, ambao baadhi ya familia za wafanyabiashara wa Iringa na Mbeya wameufuata kwa vizazi, unaanza na mzunguko wa kuzaliwa upya kwa kadiri ya matendo. Kwa hizi mbili sitarefusha. Wasomaji wengi wa huku hawajaulizwa swali na Mbudha, na kujiandaa kwa swali lisiloulizwa ni njia nzuri ya kuahirisha lililoulizwa.

Hatua ya tano: zipepete hoja zako kabla hazijapepetwa na mwingine

Chukua ungo. Zipo hoja ambazo hupita mkono kwa mkono katika semina za vijana na ambazo hazina punje ndani yake.

Iache hoja ya kwamba Allah ni jina la mungu wa mwezi. Wakristo Waarabu wa Misri na Lebanoni humwita Mungu Allah katika Biblia zao na katika ibada zao, na Wakatoliki wa Malta husema Alla. Sisi wenyewe tunasali kwa jina Mungu, neno la Kibantu lililokuwapo kabla ya mmisionari yeyote, na wala hatudhani kwamba herufi zake ndizo zinazoamua tunayemwomba.

Iache 1 Yohana 5:7 yenye mashahidi watatu mbinguni kama uthibitisho wa Utatu, kwa kuwa maneno hayo hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Fundisho la Utatu halikusimama juu ya aya hiyo, wala halianguki likiikosa. Na usimfiche mtu kwamba Marko 16:9-20 haimo katika Kodeksi ya Sinai, nakala ya Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4, iliyo katika maktaba ya taifa ya Uingereza mjini London. Ukitaka kumuuliza Mwislamu juu ya Khalifa Uthmani na kusanifishwa kwa msahafu katikati ya karne ya 7, uwe kwanza tayari kuieleza sura hiyo ya Marko bila kugugumia.

Upande wa pili nao una makapi yake. Utaambiwa kwamba Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ndio uliochagua vitabu vya Agano Jipya na kumfanya Yesu kuwa Mungu. Nikea ilikaa juu ya mafundisho ya Ario, aliyesema Mwana ameumbwa. Haikupiga kura juu ya orodha ya vitabu. Orodha ya vitabu 27 kama tulivyo navyo inaonekana katika barua ya Pasaka ya Athanasio wa Aleksandria ya mwaka 367, na barua za Paulo zilikuwa zikisomwa makanisani karne mbili na zaidi kabla yake. Utaletewa pia ile iitwayo Injili ya Barnaba, ambayo nakala zake zinazojulikana ni za Kiitaliano na Kihispania, si za zamani kuliko karne ya 16, na ambayo inamfanya Yesu asafiri kwa mashua hadi Nazareti, mji ulio juu ya vilima mbali na ziwa. Lieleze hilo kwa utulivu. Wasomi Waislamu wapo ambao nao hawaitegemei.

Anayesema "Biblia imebadilishwa" mwulize kwa upole anamaanisha nini. Akimaanisha kwamba nakala za mkono zinatofautiana, mkubalie na umwonyeshe jinsi tofauti hizo zinavyoandikwa wazi chini ya kurasa. Akimaanisha kwamba kilikuwapo kitabu kingine kilichofutwa, mweleze juu ya magombo yaliyoanza kupatikana Qumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947, ambamo kimo kitabu kizima cha Isaya kilichonakiliwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo, nacho ni Isaya yuleyule tunayemsoma, ukiacha tofauti nyingi ndogo za tahajia na maneno machache.

Na mafiga, bila shaka, yaache jikoni. Maji, barafu na mvuke hayafai pia, maana yanafundisha Mungu mmoja anayebadilisha sura tatu kwa zamu. Mimi sasa huanza na neno mwana, kwa sababu Kiswahili chenyewe kinasaidia: mwananchi hakuzaliwa na nchi, wala mwanasheria hakutoka tumboni mwa sheria. Sura ya 112 ya Kurani inaposema kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, ikikataa kwamba Mungu alipata mtoto kwa mke, Mkristo husema amina bila kusita. Ila usiishie hapo ukajifanya mmekubaliana. Kanuni ya Imani ya Nikea inasema Mwana "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba", na hilo Mwislamu analikataa kwa kulielewa. Mwachie nafasi ya kulikataa hilo hasa.

Hatua ya sita: jiandae kwa msalaba kuliko jambo jingine lolote

Sura ya 4 aya ya 157 inasema kwamba hawakumuua wala hawakumsulubu. Paulo katika 1 Wakorintho 15 anasema kwamba Kristo asipofufuka imani yetu ni bure. Hapo hapana njia ya katikati, na anayejaribu kuitengeneza anawadharau wote wawili.

Gawa swali hili sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kifo. Kwamba Yesu wa Nazareti alisulubiwa chini ya Pontio Pilato ni jambo ambalo wanahistoria wasioamini nao hulikubali. Tasito, mwandishi wa Kirumi aliyewadharau Wakristo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa na Pilato wakati wa utawala wa Tiberio. Yosefo, Myahudi aliyeandika miaka ya 90, anamtaja Yesu mara mbili. Ila sehemu moja ina maneno ambayo wataalamu wengi wanaona yaliongezwa na wanakili Wakristo, kwa hiyo usiinukuu yote kama ilivyo, maana siku mwenzako atakapolijua hilo atatilia shaka na yale mengine uliyosema kwa haki.

Sehemu ya pili ni kufufuka, na hapa ushahidi ni wa namna nyingine. Paulo aliwaandikia Wakorintho karibu mwaka 55, yaani miaka ipatayo 25 baada ya tukio, akasema kwamba anawapa yale aliyoyapokea yeye mwenyewe: kwamba Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, yaani Petro, na wale Thenashara, na watu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa hai wakati barua inaandikwa, na Yakobo, ambaye Injili zinaonyesha kwamba ndugu wa Yesu kama yeye hawakumwamini alipokuwa akihubiri. Hiyo ni habari ya mashahidi. Inaweza kupimwa kama tunavyopima mashahidi wengine: wako wangapi, wako karibu kiasi gani, walipata faida gani. Haimlazimishi mtu kuamini, nawe usimwambie kwamba inamlazimisha.

Mzee wa cherehani alinipa jibu ambalo ningetaka kila Mkristo alisikie kabla ya kubishana juu ya msalaba. Alisema kwamba wanahistoria wa Kirumi waliona walichodhani wamekiona, lakini yeye amepokea habari kwa Aliyekuwapo na anayejua yote, na kwamba haimpendezi kufikiri kwamba Mungu angemwacha mtume wake aaibishwe namna ile mbele ya maadui. Jibu hilo limejengwa juu ya heshima kwa Isa. Limenionyesha pia mahali hasa ambapo njia zetu zinaachana: je, habari iliyokuja miaka 600 baadaye, ikiwa inapokelewa kuwa ni ya Mungu, inatosha kuwafuta walioona? Yeye anasema inatosha. Mimi nasema Mungu asingewaacha mashahidi wake mwenyewe wadanganyike kwa kuona. Na juu ya aibu, mimi naona kwamba msalaba ndipo Mungu alipokubali kuaibishwa pamoja na waliokwisha kuaibishwa. Lakini hilo ni ungamo, haliwezi kuthibitishwa kwa Tasito, na ni vyema kulisema kama ungamo. Ukurasa wangu wa msalaba ulirudi bila alama ya chaki. Chini yake aliandika kwa penseli, "Umesema tunavyosema. Sikubali."

Hatua ya saba: usiwasahau wazee wa nyumbani

Wakristo wengi wa huku hujiandaa kwa Uislamu wakajikuta wameshindwa na babu yao. Swali la babu ni moja: kwa nini mmewaacha wazee wetu mkafuata dini ya Wazungu?

Jibu nusu ya kwanza kwa historia. Towashi wa Kushi alibatizwa katika Matendo 8; mfalme Ezana wa Aksumu, ufalme wa kale wa Ethiopia, alikuwa Mkristo katika karne ya 4; Athanasio alikuwa Mmisri na Agostino alizaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria. Imani hii ilikuwa imezeeka Afrika kabla haijaenea kote Ujerumani. Nusu ya pili ijibu kwa unyofu: kwetu ililetwa na Wajerumani. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Misheni ya Berlin wakafika Ukonde, yaani nchi ya Wanyakyusa, mwaka huohuo, mwaka mmoja tu baada ya Wajerumani na Waingereza kugawana mipaka kwa mkataba wa 1890. Babu akikuambia kwamba misheni na serikali ya kikoloni vilifika kwa njia moja, usibishe.

Kisha zungumza naye juu ya jina. Wamisionari walipotafuta neno la kumwita Mungu kwa Kinyakyusa walichukua Kyala, ambalo kwa maelezo ya wazee lilikuwa jina la shujaa wa kale aliyehusishwa na mwambao wa Ziwa Nyasa, kama vile Lwembe, shujaa mwingine, alivyohusishwa na kichaka kitakatifu cha Lubaga. Wahehe na Wabena wanasema Nguluvi. Neno lilichukuliwa likajazwa maana mpya, jambo ambalo Paulo alilifanya Athene alipoanza na madhabahu ya "Mungu asiyejulikana". Mzee anayo haki ya kuuliza kama maana ya zamani iliombwa ruhusa.

Unapoeleza tambiko, usitumie neno mizimu kwa sauti ya dharau. Wenyewe husema wazee wetu. Muulize kwanza tambiko lilifanywa kwa ajili gani. Utasikia habari za mvua, za ugonjwa, na zaidi za ugomvi wa ukoo uliotakiwa kuungamwa kabla ya chochote kumwagwa chini, kwa sababu wazee hawapokei kitu kwenye nyumba yenye kinyongo. Hapo kuna jambo ambalo Mathayo 5 nayo inalijua, inaposema uiache sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. Tofauti inakuja baadaye: Mkristo anaamini kwamba kati ya Mungu na wanadamu mpatanishi ni mmoja, na kwamba marehemu wako mikononi mwa Mungu, hawaidai nyumba kitu. Katika familia nyingi hilo lilipokewa kama nafuu. Katika nyingine limekuwa kisingizio cha kuyaacha makaburi ya wazee yaote magugu, na mzee anayelalamika juu ya magugu hayo hahitaji kujibiwa kwa aya.

Hatua ya nane: mazungumzo yenyewe

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kuitangaza, na Kanuni ya Adhabu inafanya kuwa kosa la jinai kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Yote mawili yafundishe vijana wako pamoja. Aprili 2013 mji wa Tunduma ulitikiswa na ugomvi wa nani achinje nyama, na polisi wakalazimika kuingilia kati. Ni jambo ambalo Paulo alilimaliza kwa kusema mle kinachouzwa sokoni bila kuuliza-uliza kwa ajili ya dhamiri, na ambalo vijiji vingi hulimaliza kwa kumwita Mwislamu achinje kwenye harusi na misiba ili watu wote wale.

Chagua mahali ambapo mwenzako hatajibu kwa ajili ya kuwafurahisha wasikilizaji. Watu wakianza kukusanyika, badilisha mada, uliza bei ya viazi. Salimia kwanza, ugonile au kamwene kulingana na ulipo, na mwite mtu kwa heshima anayoitwa na wenzake: Sheikh, Ustaadhi, Mzee, Mama fulani. Swali moja linatosha kwa kikao kimoja. Mwache amalize. Kabla ya kujibu rudia hoja yake kwa maneno yako umuulize kama umeipata. Ukiulizwa usichokijua, sema hukijui na utaje siku ya kurudi.

Shahidi wa Yehova akikufikia mlangoni na Yohana 1:1, ambayo tafsiri yao huandika "mungu" kwa herufi ndogo, utaratibu ni uleule, isipokuwa kwamba yeye amejiandaa kuliko wewe. Mkaribishe ndani, mwombe asome sura nzima, halafu nenda naye hadi ile 20:28 ya Tomaso.

Siku uliyotaja ikifika, rudi hata kama jibu hujalipata. Mimi niliwahi kuahidi kurudi baada ya wiki moja juu ya swali la Msaidizi wa Yohana 14, ambaye Waislamu wengi humsoma kuwa ni Ahmad anayetajwa katika Sura ya 61. Mvua ikakata njia, nikafika baada ya wiki mbili nikiwa na kurasa sita. Mzee alisogeza kitambaa kilichokuwa juu ya benchi ili nikae. Alikuwa amekwisha kumuuliza sheikh wake mjini Mbeya, na alikuwa na swali jingine.